Kumsoma José Juan Tablada: mwongozo kwa aliyezoea mizani na vina

José Juan Tablada wa Meksiko aliandika mashairi ya mishororo miwili au mitatu ambayo msomaji huyamaliza kwa pumzi moja. Wepesi huo ndio unaowapoteza wengi. Mtu anasoma mashairi thelathini kwa dakika kumi, anafunga kitabu, anasema ni vijisentensi tu kuhusu vyura na tikiti. Mashairi haya yana njia yake ya kusomwa, na msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na mizani na vina anaingia akiwa na akiba nzuri. Ana pia mazoea mawili matatu yatakayomkwaza asipoyaangalia.

Mtu mwenyewe, kwa kifupi

Alizaliwa Coyoacán, pembezoni mwa Jiji la Meksiko, tarehe 3 Aprili 1871, akafariki New York tarehe 2 Agosti 1945. Tangu ujana aliishi kwa kalamu ya magazeti. Shairi lake «Misa negra» la mwaka 1893 lilizua kashfa kubwa kwa kuchanganya ibada na mapenzi ya mwili, na ghasia hizo zilichangia kuzaliwa kwa Revista Moderna mwaka 1898, jarida lililokuwa nyumba ya washairi wa rika lake. Mwaka 1900 alisafiri Japani na kulitumia jarida hilo makala za safari. Mwaka 1914 alitoa kitabu kizima kuhusu Hiroshige, mchoraji wa Kijapani.

Siasa zake zina makunyanzi, na ni vema uyajue kabla ya kufungua mashairi. Alikuwa upande wa utawala wa rais Porfirio Díaz, akamkejeli Francisco Madero, mpinzani wa Díaz, kwa tamthilia ya mwaka 1910, kisha akautumikia utawala wa Victoriano Huerta, jenerali aliyempindua Madero. Huerta alipoanguka mwaka 1914, Tablada alikimbilia New York, na nyumba yake ya Coyoacán yenye bustani ya Kijapani iliporwa. Miaka minne baadaye serikali ya Venustiano Carranza, mtu yuleyule aliyempindua Huerta, ikampa kazi ya ubalozi: katibu wa pili, kwanza Bogotá, kisha Caracas. Hakuwa balozi, ingawa maelezo mengi mafupi humwita hivyo. Ukitaka mshairi wa kundi lake aliyepanda juu katika diplomasia, mtafute Amado Nervo, aliyefariki Montevideo mwaka 1919 akiwa mwakilishi wa nchi yake Argentina na Uruguay.

Cheo cha Tablada kilikuwa kidogo, lakini kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Caracas, na Caracas ndipo vilipochapwa vitabu viwili vinavyohesabika zaidi: «Un día...» mwaka 1919 na «Li-Po y otros poemas» mwaka 1920. Cha tatu, «El jarro de flores», kilitoka New York mwaka 1922.

Neno modernismo nalo lishikwe kwa uangalifu. Katika Amerika ya Kihispania ni jina la mkondo ulioongozwa na Rubén Darío wa Nikaragua tangu kitabu chake «Azul...» cha mwaka 1888: muziki wa mshororo, vito, bata-maji weupe, harufu ya Paris. Tablada alikulia humo, na «El florilegio» ya mwaka 1899 ni ya huko kabisa. Vitabu vya Caracas vimeshavuka mpaka. Ukimwita mwanamodernismo unapozungumzia «Un día...», utakuwa unatafuta vito mahali ambapo yeye ameweka chura.

Anzia katikati

Usianze na «El florilegio». Msamiati wake ni mzito, unategemea ushairi wa Kifaransa wa wakati ule, na anayejifunza Kihispania atachoka kabla ya kufika kwenye utamu. Anza na «Un día...», kisha «El jarro de flores», ndipo uingie «Li-Po». Baada ya hapo rudi nyuma usome «Misa negra» na mashairi mengine machache ya «El florilegio». Sasa utaona alichokitupa, na kwa nini ilihitaji ujasiri kukitupa.

Maandishi yapo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, UNAM, kilichapisha kazi zake katika mfululizo uitwao Obras; juzuu ya kwanza, ya mashairi, ni ya mwaka 1971. Chuo hichohicho kimeweka kwenye mtandao hazina ya maandishi yake pamoja na picha. Pale penye uchaguzi kati ya maandishi matupu na picha ya ukurasa wa toleo la kwanza, chukua picha ya ukurasa. Sababu itaonekana mbele.

Matamshi

Irabu za Kihispania ni tano zetu zilezile, a e i o u, na hazibadiliki. Hiyo ni bahati kubwa. Konsonanti chache ndizo za kukariri: j ni kh, kama kheri inavyotamkwa Pwani, ll ni y kwa Wameksiko, ñ ni ny, z, na c iliyotangulia e au i, ni s, qu ni k, h haisikiki, v hutamkwa kama b laini. Kwa hiyo «roja» ni rokha, na «carcajada» ni karkakhada.

Mkazo ndio wa kuchunga. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kihispania hufanya hivyo neno likiishia irabu, n au s. Likiishia konsonanti nyingine mkazo huangukia silabi ya mwisho. Na penye alama juu ya irabu, alama ndiyo yenye amri. «Sandía», yaani tikiti, jina la shairi lake moja, ni san-DI-a. Ukiisoma SAN-dia, kina cha shairi zima kinakufa.

Kuhesabu mizani yao

Hapa ndipo mazoea yetu yanapotudanganya. Chukua «Los sapos», yaani vyura, kutoka «Un día...»:

*Trozos de barro,*
*por la senda en penumbra*
*saltan los sapos.*

Mhesabu mizani wa Kiswahili atapata 5, 8, 5. Mhispania anapata 5, 7, 5, kwa sababu irabu ya mwisho wa neno na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata huungana kuwa silabi moja: por, la, sen, daen, pe, num, bra. Muungano huo kwao ni kanuni ya kawaida, haumhitaji mshairi kuomba ruhusa.

Kanuni ya pili inahusu mwisho wa mshororo. Mshororo ukiishia na silabi yenye mkazo, unaongeza mizani moja. Shairi la mti wa mwerebi, «El saúz», linafungua na *Tierno saúz*: tier, no, sa, úz, nne kwa sikio, tano kwa hesabu. Linafunga na *casi luz*, tatu zinazohesabiwa nne. Na mkazo ukiwa silabi ya tatu kutoka mwisho, unapunguza moja. Tazama «El insomnio», shairi zima ni hili:

*En su pizarra negra*
*suma cifras de fósforo.*

Mshororo wa kwanza una saba. Wa pili una nane kwa sikio, lakini «fósforo» ina mkazo mwanzoni, kwa hiyo ni saba. Saba kwa saba, mizani imetimia. Sisi hatuhitaji kanuni hii kwa sababu mkazo wetu hauhamihami, ndiyo maana hakuna anayeifundisha, na ndiyo maana wengi huhitimisha kwamba Tablada alikuwa mzembe wa mizani. Hakuwa.

Wala hakufungwa na 5-7-5, kipimo cha haiku, shairi fupi la Kijapani lenye mizani kumi na saba. «La tortuga» inakwenda 7, 11, 9:

*Aunque jamás se muda,*
*a tumbos, como carro de mudanzas,*
*va por la senda la tortuga.*

Saba na kumi na moja ni vipimo vya asili vya Kihispania, kama nane kwa nane ilivyo kwetu. Alichofanya ni kuuleta ufupi wa Kijapani ndani ya vipimo vya lugha yake. Yeye mwenyewe aliyaita mashairi ya 1919 «poemas sintéticos», mashairi yaliyokusanywa pamoja na kubanwa. Anayeyahukumu kwa kuhesabu kumi na saba anayapima kwa pishi la watu wengine.

Kina nacho kina kanuni yake. Kina kamili cha Kihispania huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno: *fría* na *sandía*, *carcajada* na *rebanada*. Kipo pia kina cha irabu peke yake, konsonanti zikiachwa huru. Rudi kwa vyura: *barro* na *sapos*, a-o kwa a-o. Rudi kwa kobe: *muda* na *tortuga*, u-a kwa u-a. Sikio la Kiswahili litasema hapa hakuna kina, maana sisi tunataka silabi nzima ifanane. Kipo, na Mhispania anakisikia. Kwa sababu hiyo usimwingize Tablada katika ubishi wetu wa mashairi huru na ya jadi; hafai kuwa shahidi wa upande wowote.

Kichwa ni mshororo wa kwanza

Kosa linaloharibu mashairi haya kuliko yote ni kuruka kichwa. Rudia «El insomnio». Ndani ya mishororo hakuna usingizi, hakuna kitanda, hakuna mtu. Kuna ubao mweusi, na kitu kinachojumlisha tarakimu zinazong'aa gizani. Ni nani anayejumlisha? Kichwa ndicho kinachojibu: kukosa usingizi. Ukilisoma bila kichwa una kitendawili. Ukilisoma na kichwa una saa tisa ya usiku, macho yakiwa wazi, madeni na miadi vikijipanga kwenye giza.

«Peces voladores», samaki warukao, ni vilevile:

*Al golpe del oro solar*
*estalla en astillas el vidrio del mar.*

Kwa pigo la dhahabu ya jua, kioo cha bahari chapasuka vigae. Samaki hatajwi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye dau asubuhi na kuwaona wakichomoka majini kundi zima anajua kwamba kwa nukta ile huoni samaki, unaona mmeto tu. Tablada ameandika kile kinachoonwa na jicho, akaiachia akili ikamilishe kupitia kichwa.

Basi soma hivi: kichwa, nyamaza kidogo, mishororo, kisha kichwa tena. Mashairi matano kwa kikao kimoja yanatosha. «Un día...» imepangwa kama siku, asubuhi, alasiri, machweo na usiku, na inafaa kuisoma sehemu moja kwa wakati wake badala ya kuinywa yote kwa mkupuo.

Katika toleo la kwanza kila shairi lilikuwa na picha ndogo iliyochorwa na Tablada mwenyewe. Machapisho mengi ya baadaye yameziondoa. Picha hizo si mapambo. Alikuwa mchoraji na mhakiki wa sanaa, mwaka 1927 akachapisha historia ya sanaa ya Meksiko, na katika kitabu hiki mkono ulioandika ndio uliochora.

«Li-Po»: kitabu cha kuzungusha

Shairi kuu la kitabu hiki linamhusu Li Bai, ndiye Li-Po, mshairi wa China wa karne ya 8, ambaye masimulizi yanasema alizama majini akijaribu kuukumbatia mwezi. Maneno yamepangwa yakaumba vitu: kikombe cha mvinyo, chura, duara la mwezi, hata maumbo ya herufi za Kichina. Guillaume Apollinaire alikuwa ametoa mashairi-picha yake kwa Kifaransa mwaka 1918. Kwa Kihispania, kitabu hiki ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya aina hiyo.

Usikisome kwenye simu kwa maandishi yanayojipanga upya kulingana na upana wa kioo. Mistari ikinyooshwa, umbo linavunjika na unabaki na sentensi ya kawaida kuhusu mwezi. Pata picha ya ukurasa, ichapishe kwenye karatasi ya A4, uiweke mezani. Kwanza litazame umbo bila kusoma neno. Pili tafuta herufi kubwa ya mwanzo, maana mara nyingi ndiyo mlango. Tatu fuata mstari ukiizungusha karatasi, hata kama unaishia kichwa chini. Mwisho andika sentensi zote kwa mstari wa kawaida kwenye daftari, uone kama umbo limeongeza kitu ambacho maneno hayakusema. Pale ambapo halikuongeza, na papo pachache, ni sawa kusema kwamba mshairi alivutiwa na mchezo.

Ukitaka kumfasiri

Fasiri moja unayoipigania itakufundisha zaidi ya kurasa mia za uhakiki. Anza na vyura.

Hatua ya kwanza ni kuandika maana kavu: vipande vya udongo, kwenye njia iliyo katika nusu giza, wanaruka vyura. Hatua ya pili ni kuushika mpangilio. Jicho linaona udongo kwanza, halafu njia, halafu mruko, na viumbe wanakuja mwisho. Ukifungua kwa «vyura wanaruka kama vipande vya udongo» umemaliza kila kitu kabla hujaanza, na umeongeza «kama» ambayo yeye hakuiweka.

Hatua ya tatu ni maneno. «Madongo» linajileta lenyewe, lakini msomaji wa Dar es Salaam atasikia vijembe, kwa sababu kupiga madongo ni kusemana. «Mabonge ya tope» ni salama zaidi. Kitenzi kifupishwe kwa njia ambayo malenga wameitumia siku zote: «waruka» badala ya «wanaruka».

*Mabonge ya tope,*
*njiani, nusu giza,*
*waruka vyura.*

Ni 6, 7, 5. Unaweza kuulazimisha mshororo wa kwanza uwe tano kwa kubadilisha neno au kung'oa kiunganishi. Usifanye. Mizani moja ya ziada haisikiki, lakini neno la kulazimisha linaonekana kutoka mbali katika shairi lenye maneno manane.

Lipo tatizo moja ambalo Kihispania hakina: ngeli. *Saltan* haisemi kama kinachoruka kina uhai. «Waruka» inasema papo hapo, kabla kiumbe hajatajwa. Kwa vyura hasara ni ndogo, kwa sababu kichwa kimeshawataja. Kwa «El insomnio» ni jambo zito. Ukiandika «anajumlisha», msomaji anaona mtu amekaa anahesabu. Ukiandika «kunajumlisha», kitenzi kinarudi moja kwa moja kwenye kichwa, Kukosa usingizi, na hakuna mtu tena; kukesha kwenyewe ndiko kunakofanya kazi. Linakwaruza sikio kidogo, na bado ndilo sahihi:

*Kwenye ubao wake mweusi*
*kunajumlisha tarakimu za fosforasi.*

Wakati mwingine lugha yetu inakupa zawadi. Katika shairi la kobe, *se muda* na *mudanzas* zinacheza kwa mzizi mmoja wa kuhama nyumba. Kiswahili kinao mchezo huohuo tayari:

*Ingawa hahami kamwe,*
*kwa kuyumbayumba, kama gari la kuhamisha vyombo,*
*yuko njiani kobe.*

Awe kobe, asiwe kasa, kwa sababu anapita njiani. Mshororo wa kati ni mrefu kupita kiasi, na hapa urefu unasaidia: ndio mzigo wenyewe unaoyumba.

Shairi la tikiti, «Sandía», ndilo gumu kuliko yote ingawa linaonekana rahisi. Lina vina vinne vilivyofumwa nje kwa nje na ndani kwa ndani, *fría, carcajada, rebanada, sandía*, na mlio wa *carcajada* ni mlio wa kicheko chenyewe. «Cheko la kiangazi, jekundu, baridi: kipande cha tikiti» inabeba picha na kuacha muziki, kwa kuwa *di* na *ti* hazitoshi kuwa kina kwetu. Ukipata njia ya kuvibeba vyote viwili, ichapishe. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania hulinda kazi ya maandishi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na Tablada alifariki mwaka 1945. Ila dibaji na maelezo ya wahariri wa siku hizi ni mali yao, usiyanakili.

Makosa ya kukagua kabla hujachapisha

Usiandike kwamba alitunga mashairi haya Japani. Safari ilikuwa mwaka 1900, kitabu kilitoka mwaka 1919, na viumbe waliomo ni wa bustani na njia za Amerika. Usimchanganye na Octavio Paz, mshairi mwingine Mmeksiko aliyekuwa mwanadiplomasia: Paz alikuwa balozi India hadi mwaka 1968, akapata Nobel mwaka 1990, na baada ya kifo cha Tablada aliandika insha ya kumtetea. Usiondoe alama za mkazo katika nukuu za Kihispania, wala nukta tatu za «Un día...», kwa kuwa ni sehemu ya jina.

Mwisho, jaribu fasiri yako kwa mtu asiyemjua Tablada. Msomee mishororo ya «Peces voladores» bila kichwa. Akisema papo hapo «samaki», umeeleza kupita kiasi, rudi ukapunguze. Akisema «jua juu ya bahari» kisha akashtuka unapomtajia kichwa, acha ilivyo.